Ule Mwezi Unga Ulipotea

Desemba ya 2010 nilikuwa Malindi kwa bibi, likizo ya shule, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mtu mzima akilia kama mtoto. Alikuwa mjomba wangu. Amejikunja kwenye mkeka, anatetemeka kwa baridi wakati sisi tunatokwa na jasho, mafua yanamtiririka, tumbo linamkata. Bibi amekaa kando yake na bakuli la uji ambao hakuna aliyekuwa akiunywa. Mamangu akasimama mlangoni, akamtazama, akasema: "Afadhali. Unga umekatika. Sasa atapona."

Si yeye peke yake. Mtaani watu walikuwa wakipongezana. Polisi walikuwa wamekaza, majina ya vigogo yametajwa mpaka Bungeni, na ghafla miji ya Pwani ikakauka. Alhamdulillahi, mambo yamekwisha.

Imenichukua miaka kuelewa kwamba ule mwezi ulikuwa historia, na kwamba sisi tuliusoma vibaya.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Heroini iliingia miji yetu miaka ya 1980. Mwanzo ilikuwa ile ya rangi ya udongo, brown sugar, watu wakiivuta. Mombasa ilikuwa na bandari. Malindi na Watamu zilikuwa na watalii, pesa za haraka na vijana waliokuwa wakishinda ufuoni kutafuta riziki. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, na nayo ikaja na sindano. Sindano moja watu watatu, wanne. Serikali ilipokuja kuhesabu, ilikuta karibu 18% ya wanaojidunga wana virusi vya Ukimwi, kama mara tatu ya watu wazima wengine nchini.

Sheria ilikuwepo. Ile ya dawa za kulevya ya 1994 ilikuwa kali, lakini waliojaa seli si wenye majahazi. Ni waliokutwa na kete moja mfukoni.

Na sisi wengine tulikuwa na neno. Teja. Lilitoka kwa mteja, yule anayenunua. Lakini angalia tulichofanya: tuliiondoa ile m- ya mtu, na wakiwa wengi tukawapa ma-, ile ya majitu na majambazi. Mateja. Mjomba aliniomba shilingi kumi siku moja mbele ya marafiki zangu. Walipouliza ni nani nikawaambia, "Simjui bana, si ni teja tu." Alisikia. Alicheka kidogo, akaenda zake.

Sasa turudi kwenye mkeka. Siku ya pili ya ile arosto, alikuja mwanamume mmoja mwembamba, ana mfuko wa plastiki wenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Alisema ametoka kwa kikundi kinachosaidia watu wa unga. Malindi ilikuwa na kazi hiyo tangu 1995, mwaka lilipoanzishwa shirika la Omari Project, wakati ambapo mtu wa Pwani aliyetaka kuacha hakuwa na pa kwenda zaidi ya kufungiwa chumbani na nduguze. Mombasa nako jumuiya ya MEWA, iliyoanza miaka ya 1980, ilikuja kufanya kazi hiyo hiyo. Mbinu yao haikuwa ya kisayansi sana kwa macho: waliingia maskani, waliosha vidonda, walimsindikiza mgonjwa hospitali ili asifukuzwe getini, walikaa na mama aliyekwisha kukata tamaa. Wengi wao walikuwa wametumia wenyewe. Yule mwembamba pia.

Aliongea na bibi, si na sisi. Akamwambia siku ya tatu ndiyo itakayokuwa mbaya, baadaye itapungua. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria katika furaha ile: "Bibi, mwili wake sasa unasahau. Unga utarudi. Na akirudia kipimo kile cha zamani, utamuua."

Ule ukame uligeuka dharura. Msalaba Mwekundu, serikali na vile vikundi vidogo vilihangaika kupata dawa na vitanda, maana watu walikuwa wakianguka, wengine wakimeza vidonge vya usingizi kwa pombe ili mradi tu usiku upite. Msaada mkubwa ulikuja na magari. Lakini dereva wa gari hajui maskani iko wapi wala nani hajaonekana tangu juzi. Aliyejua ni yule mwenye mfuko wa plastiki.

Mapema 2011 unga ukarudi. Mjomba akarudi nao. Alianza kidogo kidogo, kwa sababu yale maneno yalimkaa. Rafiki yake, kijana waliyekua naye mlango kwa mlango, hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulimzika kabla ya alasiri.

Kwa hiyo nikisoma historia ya heroini Pwani, naona imeandikwa kwa kilo. Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi baharini karibu na Mombasa. Januari 2017 ndugu wa Akasha walipelekwa Marekani, wakafungwa miaka 25 na 23. Ni habari kubwa, na sisemi hazina maana. Lakini mjomba anasema wiki ile ya kilo 1,032 hakukosa kete hata siku moja.

Historia nyingine haina picha nzuri. 2012 serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wengi wa dini walikataa, na mamangu akawa upande wao: unampaje mlevi glasi? Desemba 2014 methadoni ikaanza kutolewa Nairobi, hospitali ya Mathari. 2015 ikafika Malindi, kisha Mombasa. Na ili uingie kwenye ile kliniki, ilibidi mtu akushike mkono akupeleke. Ni wale wale.

Mjomba anakunywa kikombe chake kila asubuhi mbele ya mhudumu. Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu. Nilipohitimu chuo Nairobi hakuja, kwa sababu siku mbili nje ya Malindi zilikuwa siku mbili bila dawa. Nilikasirika. Mamangu akasema, "Si ametoka unga akaingia unga mwingine?"

Nimeliwaza swali hilo sana. Jibu langu si la kitabibu. Anafanya kazi ya useremala. Analipa kodi ya chumba chake. Jioni mbili kwa wiki anashuka maskani na mfuko wa plastiki, na anajua nani hajaonekana tangu juzi. Mimi niliyesema simjui, sasa ndiye ananieleza mji wake.

Idd iliyopita tulikuwa tunapanga chakula cha mchana. Mamangu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Muulize mjomba wako," akasema, "dawa yake anakunywa saa ngapi. Tusije tukapakua kabla hajafika."