Kwa nini binadamu huamini? Chimbuko la dini kwa jicho la sayansi

KATIKA sensa ya mwaka wa 2019, zaidi ya asilimia 95 ya Wakenya walijitambulisha kuwa wafuasi wa dini fulani. Waliosema hawana dini yoyote walikuwa kiasi cha asilimia 1.6 pekee.

Takwimu hizo si za ajabu kwa mtu aliyelelewa katika nchi ambayo mikutano, harusi na hata mechi za kandanda hufunguliwa kwa sala. Hata hivyo, zinaibua swali ambalo limewashughulisha wanafalsafa na wanasayansi kwa muda mrefu: ni kitu gani katika maumbile ya binadamu kinachomfanya awe tayari kuamini asivyoviona?

Muumini ana jibu lake, kwamba Mwenyezi Mungu amejidhihirisha kwa viumbe wake. Mwanasayansi naye hauliza iwapo Mungu yupo au hayupo. Huuliza jinsi akili, hofu, mahitaji na maisha ya pamoja yanavyoiandaa nafsi kuipokea imani.

Hofu na matumaini

Miongoni mwa wa kwanza kulishughulikia suala hili kwa mapana alikuwa mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1757. Kwa maoni yake, dini ya awali haikutokana na kutafakari uzuri wa ulimwengu, bali ilitokana na wasiwasi wa maisha: hofu ya njaa, maradhi na mauti, pamoja na matumaini ya heri. Kwa kuwa binadamu hakuzijua sababu za mambo hayo, alizipa sura na tabia kama zake mwenyewe.

Mwaka wa 1871 Mwingereza Edward Tylor alitoa maelezo mengine. Alidai kuwa wazo la roho lilizaliwa na ndoto na mauti. Mtu humwona marehemu babake usingizini akizungumza naye, kisha hukata kauli kwamba kuna sehemu ya binadamu isiyozikwa kaburini. Udhaifu wa Tylor ni kwamba alitegemea mno masimulizi ya wasafiri na wamishonari, akazipanga jamii za ulimwengu katika ngazi iliyoiweka Ulaya kileleni.

Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka wa 1927 kwamba Mungu ni picha ya baba iliyokuzwa. Mtoto mnyonge hukimbilia kwa babake. Mtu mzima, akijiona mnyonge mbele ya dunia, humtafuta baba mkuu zaidi. Nadharia hiyo ilivuma sana, ingawa ni vigumu kuipima kwa majaribio.

Mtafiti aliyekwenda kujionea mwenyewe ni Bronislaw Malinowski, aliyeishi miongoni mwa wenyeji wa visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Aligundua kuwa wavuvi wa huko hawakufanya matambiko walipovua katika maji matulivu ya ndani, ambako mavuno yalikuwa ya uhakika. Walipotoka kwenda bahari kuu, ambako dhoruba ingeweza kuwaangamiza, uganga ulishamiri. Yaani pale ujuzi unapofika kikomo na hatari ikabaki, ndipo binadamu hutafuta msaada mwingine.

Malinowski ana uhusiano wa moja kwa moja na Kenya. Ndiye aliyemfunza Jomo Kenyatta katika Chuo cha Uchumi cha London, na ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Kenyatta cha mwaka wa 1938 kuhusu maisha ya Agikuyu. Humo Kenyatta alieleza jinsi watu wake walivyomwomba Ngai wakiuelekea mlima Kirinyaga.

Swali la ‘kwa nini mimi?’

Mwingereza mwingine, Edward Evans-Pritchard, alitafiti Wazande, ambao leo wanaishi Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1937, alitoa mfano wa ghala la nafaka ambalo huporomoka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake.

Mzande anajua vyema kuwa mchwa walizitafuna nguzo. Anajua pia kuwa watu walikaa hapo kukwepa jua. Asichoweza kuelezewa kwa mchwa wala jua ni kwa nini ghala lilianguka saa ile ile, juu ya watu wale wale. Jibu lake ni uchawi.

Funzo la mfano huo ni kwamba imani ya namna hii haitokani na ujinga wa mambo ya kawaida. Hujaza pengo ambalo elimu ya sababu haijazi. Hadi leo, mfiwa aliyeelezwa kinagaubaga na daktari kilichomuua mwanawe bado huuliza: kwa nini mwanangu?

Akili itafutayo mtendaji

Tangu miaka ya 1990 uchunguzi umeelekea zaidi kwenye utendaji wa akili yenyewe. Mwanaanthropolojia Stewart Guthrie alisisitiza mwaka wa 1993 kwamba binadamu ni mwepesi wa kuona sura na nia pasipokuwa na kitu. Sababu yake ni usalama. Mchungaji anayesikia nyasi zikichakarisha akadhani ni simba, kumbe ni upepo, hupoteza pumzi kidogo tu. Anayedhani ni upepo, kumbe ni simba, hupoteza uhai. Wahenga walilijua hilo waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Wepesi huo ulishadhihirika katika jaribio maarufu la mwaka wa 1944. Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikizungukazunguka. Karibu wote walisimulia kisa cha ugomvi, woga na ushujaa, kana kwamba maumbo hayo yalikuwa na nafsi.

Kwa mujibu wa mwanasaikolojia Justin Barrett, akili yenye mwelekeo huo haioni tabu kukubali kuwapo kwa mtendaji asiyeonekana nyuma ya radi, ukame au kupona kwa mgonjwa.

Watoto nao wametoa ushahidi. Mtafiti Deborah Kelemen aliwauliza wanafunzi wadogo nchini Marekani kwa nini mawe fulani yana ncha kali. Wengi walipendelea majibu kama vile kwamba ni ili wanyama wapate kujikunia, kuliko kuwa yalifanyika hivyo kwa muda mrefu. Mwaka wa 2009 yeye na mwenzake walionyesha kuwa hata watu wazima hurejelea majibu ya aina hiyo wanapolazimika kujibu haraka.

Katika utafiti mwingine wa mwaka wa 2004, Jesse Bering na David Bjorklund waliwaigizia watoto kisa cha panya aliyeliwa na mamba. Watoto wengi walikubali kuwa panya huyo hahitaji chakula tena, lakini wakasema bado anampenda mamake. Ni rahisi kuwazia mwili uliokoma kufanya kazi. Ni vigumu kuwazia nafsi iliyokoma kuwaza.

Ibada na maisha ya pamoja

Wataalamu wengine wanaona kuwa kuichunguza akili ya mtu mmoja hakutoshi. Mfaransa Émile Durkheim alieleza mwaka wa 1912 kwamba katika ibada, jamii hukutana na nguvu yake yenyewe. Waimbao, wachezao na wanaolia pamoja hujihisi wameinuliwa na kitu kikubwa kuwaliko.

Mwaka wa 2003 Richard Sosis na Eric Bressler walichapisha uchunguzi wa jumuiya 83 za karne ya 19 nchini Marekani, ambazo wanachama wake waliishi pamoja na kumiliki mali kwa ushirika. Za kidini zilizodai kujinyima kwingi, kama vile kuacha vyakula na mavazi fulani, zilidumu zaidi. Masharti kama hayo hayakuzisaidia jumuiya zisizo za kidini. Inaelekea kuwa kujinyima kwa ajili ya kitakatifu huwathibitishia wenzako kwamba unaaminika.

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2016 uliwahusisha watu 591 katika jamii nane, wakiwemo Wahadza wa Tanzania. Waliomwamini Mungu ajuaye yote na aadhibuye walielekea kuwatendea haki zaidi waumini wenzao wa mbali wasiowajua.

Swali lililobaki ni kipi kilitangulia, miungu ya aina hiyo au dola kubwa. Makala ya mwaka wa 2019 katika jarida la Nature iliyodai kuwa dola ndizo zilizotangulia iliondolewa mwaka wa 2021, baada ya wakosoaji kuonyesha dosari katika jinsi data ilivyoshughulikiwa. Mjadala ungali wazi.

Chimbuko si hukumu

Je, maelezo haya yanaifuta dini? La. Kujua jinsi imani ilivyoingia akilini hakuamui iwapo imani hiyo ni kweli. Jicho nalo lina maelezo ya kimaumbile, lakini hakuna anayesema kwamba kwa hiyo kile lionacho hakipo. Barrett mwenyewe ni Mkristo. Aidha, Mmarekani William James alishauri mwaka wa 1902 kuwa dini ipimwe kwa matunda yake wala si kwa mizizi yake.

Wasomi wa Afrika Mashariki wametoa tahadhari nyingine. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki mwaka wa 2019, alifafanua dhana ya wafu walio hai, yaani marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na jamaa zao. Naye Okot p’Bitek wa Uganda aliwashutumu wasomi, Mbiti akiwemo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika joho la Kigiriki. Kwa maneno mengine, kabla ya kueleza kwa nini watu huamini, sharti kwanza ijulikane wanaamini nini hasa.

Suala hili si la vyuoni tu. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya waumini waliodaiwa kuhimizwa wafunge kula hadi kufa. Wengi walijiuliza watu wenye akili timamu wangewezaje kufikishwa hapo.

Sehemu ya jibu imo katika yaliyosimuliwa hapa. Hofu ya kesho, kiu ya kupata maana ya msiba, na imani kwa yule anayejinyima pamoja nawe ni mambo ya kibinadamu, wala si ya wajinga peke yao. Mambo hayo hayo humpa mjane faraja na kuwakutanisha majirani kumzika maskini. Anayeyafahamu atakuwa na heshima zaidi kwa muumini, na macho makali zaidi kwa anayeifanya imani ya wengine kuwa mtego.