Nafasi ya 200: historia fupi ya kutafuta bila kupanga

Jamani, nilipotea kidogo. Ukweli ni kwamba nilichemsha kazini, na leo naungama.

Mhariri alinipa jedwali la nauli za mizigo. Uzito unaongezeka kwenda chini, umbali unaongezeka kwenda kulia. Mistari 20, safu 20, jumla nauli 400. Alitaka ile ya nafasi ya 200 kuanzia ya chini kabisa, yaani ya katikati, ili wafanyabiashara wadogo wajue wanasimama wapi. Nikazinakili zote, nikazipanga kwa mkono, nikakosea. Gazeti likatoka na nauli ndogo kuliko ya kweli. Asubuhi mama mmoja wa mitumba akapiga simu: "Mwanangu, hiyo nauli umeitoa wapi? Mteja wangu ananiita mwizi."

Niliona aibu. Nikaenda kusoma. Kumbe swali la "nani yuko nafasi ya ngapi" lina historia ndefu.

Mwaka 1883 Charles Dodgson, mwanahisabati wa Oxford ambaye wengi tunamjua kama Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi za Alice, aliandika kuhusu mashindano ya tenisi ya mtoano. Alisema zawadi ya pili hutolewa kwa dhuluma. Mchezaji wa pili kwa ubora anaweza kukutana na bingwa raundi ya kwanza akatolewa, na zawadi yake ikaenda kwa aliyefungwa fainali. Kwa wachezaji 32, uwezekano wa wa pili wa kweli kupata haki yake ni 16 kati ya 31 tu. Ni kama kurusha sarafu!

Ikaja enzi ya kompyuta. Mwaka 1961 Mwingereza Tony Hoare alichapisha njia ya kupata namba ya nafasi fulani bila kuzipanga zote. Chagua namba moja, tenga ndogo huku na kubwa kule, hesabu, kisha tupa upande usiokuhusu. Tatizo ni kwamba ukichagua vibaya kila mara, kazi inavimba. Mwaka 1973 Blum, Floyd, Pratt, Rivest na Tarjan walionyesha namna ya kuchagua ili kazi ilingane na wingi wa namba, hata bahati iwe mbaya kiasi gani. Wanne kati ya hao watano walikuja kupata Tuzo ya Turing.

Lakini jedwali langu lilikuwa na faida ambayo sikuiona: tayari lilikuwa limepangwa, kwenda kulia na kwenda chini. Tuseme unakisia 9,000. Simama kona ya juu kulia. Nauli ikizidi 9,000, zote zilizo chini yake kwenye safu hiyo nazo zimezidi, kwa hiyo sogea kushoto. Isipozidi, hiyo na zote za kushoto kwake hazizidi, kwa hiyo zihesabu, kisha shuka mstari. Unateremka kama ngazi, na huangalii zaidi ya nauli 39 kati ya 400. Hesabu isipofika 200, pandisha kisio. Ikifika, jaribu kushusha. Kila mara kata katikati ya kilichobaki, mpaka ubaki na kisio kidogo kabisa kinachofikisha 200. Hiyo ndiyo nauli yako.

Mwaka 1984 Greg Frederickson na Donald Johnson walienda mbali zaidi. Jedwali la 1,000 kwa 1,000 lina namba milioni moja, lakini kwa njia yao kazi ya kupata nafasi yoyote inakua kwa kadiri ya ile 1,000, si ile milioni.

Nilirudia yangu kwa penseli na kikombe cha chai. Masahihisho yalitoka ukurasa wa ndani, mistari mitatu. Nikampigia yule mama kumwomba radhi. Akaniambia nimpelekee nakala mbili: moja yake, moja ya kumwonyesha mteja.

Haya, tuonane wiki ijayo.