Leza hutengeneza jicho moja moja, lakini wewe unaona na mawili

Wasee, siku hizi kila nikifungua simu nakutana na tangazo la leza ya macho. Jamaa anatupa miwani, anatabasamu, anaenda zake. Sina noma na leza. Ila kuna mtu hilo tangazo limemwacha nje, na historia yake ni ndefu kuliko ya leza yenyewe. Anaitwa othoptisti.

Huyu si daktari wa upasuaji, na si yule wa kukuuzia fremu. Kazi yake ni misuli inayosogeza macho, na vile ubongo unachukua picha mbili, moja ya kila jicho, na kuziunganisha ziwe moja.

Stori inaanza na makengeza. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha stirioskopu, kifaa ambacho kila jicho linaona picha yake, halafu kichwani zinaungana kuwa kitu kimoja chenye kina. Huko Ufaransa Émile Javal, aliyekuwa injinia kabla ya kusomea udaktari, alikichukua kifaa hicho na kukitumia kufundisha watu wenye makengeza kuona na macho yote mawili. Dadake mwenyewe alikuwa nayo. Lakini mazoezi hayo yalikula muda vibaya sana, na daktari mwenye foleni mlangoni angeutoa wapi?

Hapo ndipo Mary Maddox anaingia. Babake, Ernest Maddox, alikuwa daktari wa macho Uingereza, yule ambaye kioo chake chenye mistari kinachogeuza taa kuwa mstari kinatumika hadi leo. Alimfundisha bintiye kazi hii, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Mary alikuwa na kliniki katika hospitali ya macho ya Royal Westminster, London. Kufikia 1937 maothoptisti wa Uingereza walikuwa na chama chao. Wengi walikuwa wanawake, na mimi naamini hiyo ni sababu moja ya hadithi yao kutosimuliwa sana.

Leza ilikuja baadaye, na yake imesimuliwa vizuri kwa sababu ina nyama. Mwaka 1981, maabara ya IBM huko New York, Rangaswamy Srinivasan alileta mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakayapiga na leza ya eksima. Ilikata safi bila kuunguza kando. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel alionyesha pamoja naye kwamba inaweza kuchonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia kwa jicho la mtu linaloona, na 1995 serikali ya Marekani ikaruhusu.

Sasa shida iko hapa. Leza inachonga konea moja, kisha nyingine. Haijui kama macho yako mawili yanaelewana.

Kuna watu wana makengeza yaliyojificha. Jicho linataka kutoroka, lakini ubongo unalishikilia, na mara nyingine miwani ndiyo inayosaidia. Lenzi inaweza kuwa imewekwa prizimu ndani, ile inayopinda mwanga ili picha zikutane, na mwenyewe hajui, anajua tu miwani yake ni poa. Au lenzi ina nguvu kupita kiasi, na ule mkazo wa kufokasi ndio unaoyavuta macho ndani yasiachane. Leza haiwezi kuchonga prizimu kwa konea. Toa hiyo miwani, mtu anaweza kusoma herufi za mwisho ukutani, na bado anaona matatu mawili barabarani. Konea iliyochongwa hairudishwi.

Othoptisti anaweza kushika hili mapema, na kifaa chake kikuu ni kibao cha kufunika jicho. Anafunika moja, anafunua, anaangalia kama limesogea. Anapima na prizimu, anauliza kama ulivaa kiraka utotoni. Kama mzazi wako anataka leza ya jicho moja la mbali na jingine la karibu, anamjaribishia kwanza na lenzi za kuvaa, aone kama kichwa chake kitakubali. Na mtu akianza kuona mbili baada ya leza, ndiye anayepima ukubwa wa tatizo na kujaribu prizimu au mazoezi kabla hajarudishwa kwa daktari wa upasuaji.

Niliacha chuo, kwa hivyo usinichukulie kama daktari wako. Lakini hapa kwetu hicho cheo hukisikii sana, na kipimo chenyewe daktari wa macho au mpima macho aliyesomea anaweza kukifanya. Swali la kuuliza kabla hujatuma pesa ni moja: mmepima macho yangu yakifanya kazi pamoja? Na siku ya kupimwa beba miwani yako yote ya zamani, hata ile imevunjika mguu, ndio waangalie kama kuna prizimu ndani.