Lukaya, Saanane na vita vya kwenye kompyuta

Wadau, machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua matangi ya mafuta hapa Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala (maskini!).

Wataalamu wa vita walikuwa na hesabu za Lanchester, Mwingereza aliyezitoa mwaka 1914: idadi ya askari, nguvu ya silaha, jibu hilo. Sasa chukua Lukaya, 10 Machi 1979. Maroketi ya Libya mengi yalipita juu, lakini mshindo wake ukawakimbiza wengi wa Brigedi yetu ya 201, mgambo watupu. Usiku ule Brigedi ya 208 ikazunguka nyuma, na alfajiri wakauawa Walibya wapatao 200. Hofu ile Lanchester hakuiweka.

Miaka ya 1990 Mmarekani Andrew Ilachinski akatengeneza programu ya ISAAC, baadaye EINSTein. Humo kila askari anaona kwa macho yake, anajeruhiwa, anaamua mwenyewe kusogea kwa wenzake au kurudi nyuma. Ukiiendesha mara mia, unapata vita mia tofauti.

Natamani kijana wa chuo chetu kimojawapo aiingize Lukaya humo, pamoja na ile barabara ya katikati ya kinamasi.