Kamera ya studio ya nyumbani: Pima chumba kabla ya kwenda dukani

KATIKA mji wa Tunduma, mkoani Songwe, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Nakonde nchini Zambia, mpiga picha hakosi kazi. Msafiri anahitaji picha ya pasipoti, mwanafunzi anajaza fomu, na maharusi wanataka kumbukumbu ya ukutani. Hata hivyo, anayegeuza chumba cha nyumbani kuwa studio anaweza kumaliza mtaji wote kwa kununua kamera isiyofaa.

Wauzaji hupenda kutangaza megapikseli, jambo ambalo lina uzito mdogo kuliko linavyovumishwa. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili. Canon EOS 300D, iliyotoka mwaka 2003, tayari ilikuwa na milioni 6.3. Tofauti ya megapikseli 18 na 24 haistahili kumkosesha mtu usingizi.

Kinachostahili ni ukubwa wa chumba. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, chenye upana wa milimita 22 hadi 24. Kwa kihisi hicho na lenzi ya milimita 50, mpiga picha anayetaka kumchukua mtu mzima aliyesimama, kuanzia kichwa hadi miguu, hulazimika kurudi nyuma karibu mita tano. Kwa lenzi ya milimita 35 hutosha mita tatu na nusu, na kwa milimita 24 kama mita mbili na nusu. Ongeza mita moja kati ya mteja na kitambaa cha nyuma ili kivuli kisikae juu ya kitambaa, na nafasi ya mpiga picha mwenyewe. Katika chumba cha mita nne, basi, lenzi ya 50 itafaa picha za kichwa na mabega tu, ambazo huhitaji kama mita moja na nusu. Lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, inayodharauliwa na wengi, hapo ndiyo mkombozi.

Jambo la pili ni flashi, ambayo kwa kiasi kikubwa ndiyo studio yenyewe. Canon EOS 250D ya mwaka 2019 haina ncha ya katikati pale flashi inapopachikwa, hivyo vifaa vingi vya kawaida vya kuwasha taa za studio haviifanyi kazi. Mnunuzi na apatazame mahali hapo kabla ya kutoa fedha. Flashi ya betri ndogo huokoa kazi umeme unapokatika, na betri ya pili ya kamera si anasa.

Kwa upande wa Nikon, mtego ni mwingine. Mifululizo ya D3000 na D5000 haina mota ya kulenga ndani ya kamera. Lenzi ya zamani isiyo na mota yake, mathalani ya milimita 50 yenye alama ya D, itamlazimu mwenye kamera kulenga kwa mkono. D90 ya mwaka 2008, ingawa ni ya zamani, inayo mota hiyo.

Anayenunua Nakonde aitangaze kamera yake katika kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019, na atunze risiti.

Kamera iliyotumika haikataliwi. Muulize muuzaji imefyatuliwa mara ngapi. Piga ukuta mweupe, lenzi ikiwa imezibwa hadi f/16. Madoa yanayorudi mahali palepale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi, nalo husafishika. Kisha imulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na hapo ni afadhali kuirudisha lenzi kwa mwenyewe.