Sindano ya kisukari ya mara moja kwa mwezi iko wapi?



Poleni kwa kimya kirefu. Niko salama hapa Kandara, mtaa ule wa Jeddah uliokuwa na uwanja wa ndege wa zamani, walikotua mahujaji wetu kabla ya 1981. Juzi mama mdogo kanipigia simu: "Huko kwa wenye pesa hakuna sindano ya kisukari ya mara moja kwa mwezi? Mbona ya uzazi wa mpango inakaa miezi mitatu?" Swali zuri! Jibu naliweka hapa, maana sukari imeingia nyumba nyingi za kwetu.

Insulini ilichomwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Toronto, Januari 1922, kijana wa miaka 14. Ilimalizika mwilini baada ya saa chache tu. Mwaka 1936 Mdenmark Hagedorn akaichanganya na protamini, protini inayotoka kwenye manii ya samaki (ndiyo, msicheke), ili inyonywe polepole. Mwaka 1946 maabara yake ikatoa NPH, ile ya rangi ya maziwa mnayoibiringisha viganjani kabla ya kuvuta. Hiyo nayo haifiki siku mbili.

Mwaka 1976, Robert Langer na Judah Folkman wa Boston walionyesha kuwa protini kubwa inaweza kuvuja kidogo kidogo kutoka ndani ya plastiki. Wengi hawakuamini. Ila plastiki ile haikuyeyuka mwilini. Wakati huo madaktari tayari walikuwa na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Polima ya aina hiyo ikafanywa punje ndogo kama unga, dawa ikiwa ndani. Maji ya mwili huzimega taratibu, dawa inatoka. Mwaka 1989 Marekani ikaruhusu Lupron Depot, ya saratani ya tezi dume, mara moja kwa mwezi.

Lakini dawa ile ni mnyororo wa amino asidi 9 tu. Insulini ina 51, homoni ya ukuaji 191. Na ile ya uzazi wa mpango, mama mdogo, si protini kabisa, ni fuwele za molekuli ndogo isiyoharibika ovyo. Punje zikimeguka huacha asidi ndani, na protini huganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Homoni ya ukuaji kwenye punje, Nutropin Depot, iliruhusiwa Desemba 1999. 2004 watengenezaji wakaiacha, kazi ya kuitengeneza ilikuwa nzito mno. Shirika la Afya Duniani nalo lilihangaikia chanjo ya pepopunda ya dozi moja miaka ya 1990, ili akina mama wasirudi kliniki mara kwa mara. Haikufika.

Kwa insulini kuna hatari nyingine. Siku ya kwanza punje huweza kumwaga dawa nyingi kwa mpigo, na insulini ikizidi mtu anaanguka. Ramadhani daktari akitaka kupunguza dozi, utazichokoa vipi punje kwenye nyama? Mimi hata ingekuwepo ningeiogopa.

Bydureon, iliyoruhusiwa Marekani Januari 2012, ilitumia punje hizo mara moja kwa wiki, lakini si insulini. Insulini ya wiki, icodec, Ulaya iliiruhusu Mei 2024. Haina punje, hushikamana na albumini ya damu, ikajiachia pole pole.

Wasalaam, nisalimieni wote.