Breki ya mkono: kuvuta, kuachia, kufunga, kufungua

breki ya mkono *nm* [i-/zi-] breki inayolizuia gari lililoegeshwa lisiondoke, ambayo dereva huivuta kwa mkono badala ya kuikanyaga. Katika gereji: *hendibreki*.

Jina hili hutaja mfumo mzima, tangu kipande anachokishika dereva hadi viatu vya breki vilivyo ndani ya ngoma. Kipande kile cha kushika ni wenzo wa breki, na fundi wengi huuita *mkono wa breki*. Mfasiri akiandika “breki ya mkono imevunjika” msomaji hajui avue kiti cha mbele au gurudumu la nyuma. “Wenzo wa breki ya mkono umevunjika” humwelekeza moja kwa moja. Wingi wa wenzo ni *nyenzo*, neno ambalo leo husikika zaidi kwa maana ya vifaa na njia za kufanyia kazi, kama katika *nyenzo za kufundishia*. Kwa sababu hiyo katika maandishi ya ufundi ni salama kusema *wenzo* katika umoja kila inapowezekana.

Ugumu mkubwa haumo katika nomino bali katika vitenzi. Kiswahili husema *kufunga breki* kwa maana ya kulisimamisha gari: “Dereva alifunga breki ghafla.” Kiswahili hichohicho husema *kufunga* kwa maana ya kukirudisha kipuri mahali pake na kukikaza: “Fundi amefunga gurudumu.” Kinyume chake, *kufungua*, hubeba mzigo uleule. Agizo “fungua breki ya mkono” laweza kumaanisha kuuteremsha wenzo ili gari liwe huru, au kuung'oa wenzo pale ulipofungwa. Katika mazungumzo ya gereji utata huu hauna madhara, maana fundi na msaidizi wake wanaliona gari. Katika mwongozo uliochapishwa, msomaji yuko peke yake, pengine amelala chini ya gari hilo. Inapendekezwa basi *kuvuta* na *kuachia* zitumike kwa kazi ya dereva, na *kufunga* na *kufungua* ziachiwe kazi ya fundi.

Magari ya kale hulidhihirisha jambo hili vizuri, kwa kuwa breki zake hutengenezwa kwa mkono na kwa spana, na maelezo yake mengi bado yanasubiri kufasiriwa. (*Gari la kale* ni gari la zamani linalothaminiwa, *gari kuukuu* ni lililochakaa. Mwenye gari la kale hafurahii kuliona likiitwa kuukuu.) Uchukuliwe mfano wa Volkswagen Beetle, ambayo ya mwisho iliundwa Mexico mwaka 2003. Wenzo wake umesimama kati ya viti viwili vya mbele. Waya mbili hutoka hapo, kila moja ikienda kwenye gurudumu lake la nyuma, na ncha zake zimekazwa kwa nati chini ya wenzo. Kinachouzuia wenzo usirudi chini ni kipande chenye meno pamoja na kidole cha chuma kinachoingia kati ya meno hayo. Dereva anapobonyeza kitufe kilicho kwenye ncha ya wenzo, kidole huinuka na wenzo hushuka. Kwa sehemu hizi mbili ni afadhali kueleza wazi, *kipande chenye meno* na *kidole*, kuliko kubuni istilahi ambayo hakuna fundi atakayeitambua.

Malalamiko ya kawaida ni “hendibreki haishiki”, na hapa lugha huficha hitilafu mbili tofauti. Ikiwa wenzo hupanda kisha ukateleza chini wenyewe, meno au kidole kimelika, au kitufe kimekwama kwa kutu na grisi kavu. Huo ni ugonjwa wa wenzo: *wenzo haukai*. Ikiwa wenzo hukaa juu barabara lakini gari linaserereka, waya zimelegea au viatu vimelika: *breki haishiki*. Mwongozo usiotofautisha semi hizi mbili utamfanya msomaji akaze waya ilhali kidole ndicho kilichokwisha, na kila atakapokaza ndivyo atakavyozidisha mzigo juu ya meno mabovu.

Kabla ya kuufungua wenzo, magurudumu huwekewa kabari, kwa kuwa breki inayotengenezwa haiwezi kulishika gari. Kisha nati za waya hulegezwa, pini inayoushikilia wenzo huchomolewa, na wenzo huinuliwa. Tahadhari moja isipotee katika tafsiri: wenzo ukishatoka, *kitufe kisibonyezwe*, la sivyo kipande chenye meno huponyoka na kuanguka. Kauli kanushi ya namna hii ifasiriwe kwa kitenzi kimoja kilicho wazi. “Epuka shinikizo lisilo la lazima kwenye kitufe” ni Kiswahili cha ofisi, na hakimwambii fundi asifanye nini hasa.

Wenzo ukirudishwa, viatu hurekebishwa kwanza kwenye magurudumu, halafu waya. Mpangilio huu ni wa lazima: anayeanza na waya huficha ulegevu wa viatu, na baada ya siku chache malalamiko hurudi. Kwa kawaida wenzo huvutwa meno mawili, nati hukazwa hadi magurudumu yote mawili yawe mazito kuzungushwa kwa mkono, na kwa meno manne yasizunguke kabisa. Hapa *jino* ni kipimo, nacho kinafaa sana, maana kila jino husikika kwa mlio wake.

Si kila gari hufuata desturi ya kitufe iliyoelezwa. Katika baadhi ya magari ya michezo ya Uingereza ya miaka ya 1950, kama MG TD na Triumph TR3, kitufe hufanya kinyume. Wenzo huvutwa, *kisha* kitufe hubonyezwa ili kidole kiingie kwenye meno. Dereva asipobonyeza, wenzo hurudi chini na gari ni huru. Kuachia, huvuta kidogo tu, na wenzo huruka chini wenyewe. Mfasiri aliyezoea magari ya leo atasukumwa na mazoea kuandika “bonyeza kitufe ili kuachia breki”, na sentensi itasomeka vizuri kabisa. Atakayeitii ataegesha gari mlimani bila breki. Njia salama ni kutaja tendo pamoja na matokeo yake: “bonyeza kitufe ili wenzo ukae juu.”

Land Rover za Series, zilizojulikana sana Afrika Mashariki, nazo zina lao. Breki yake ya mkono haiko kwenye magurudumu. Wenzo hufanya kazi kwa fimbo, si kwa waya, na hubana ngoma moja tu iliyo nyuma ya gia, kwenye shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Hivyo “ngoma za nyuma” na “ngoma ya breki ya mkono” ni vitu viwili, ingawa katika magari mengine ni kitu kimoja. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke upande mmoja huku jingine likizunguka upande wa pili, na gari lililovutwa hendibreki barabara huweza kuondoka. Katika tafsiri ya maelezo ya gari hili, agizo la kuweka kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini liandikwe kabla ya agizo la kutia jeki, hata kama matini chanzi imeliweka baada yake.